Mianzi Haisubiri Kikao

Jumatatu, 4 Mei 2020

Wanafikiria kufungua! Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, sijaletewa na Roza muuzaji mwenzangu. Nilipeleka barua ya kikundi chetu cha wauza ulanzi ofisi ya kata. Mlango wa mtendaji uko wazi nusu, diwani wetu Sosthenes yumo ndani anaongea na simu. Halmashauri inataka kila kata ipeleke mapendekezo — magulio, vilabu vya pombe, choo cha stendi — kipi kifunguliwe, kipi kingoje kwanza huu ugonjwa wa korona upite. Nikasimama pale pale kama nguzo ya umeme. Barua imelowa jasho mkononi.

Kilabu chetu kina kufuli tangu katikati ya Aprili. Kufuli kubwa la njano. Kila nikipita naliangalia kwa jicho baya, kama mchumba aliyeoa kwingine.

Nimerudi nyumbani nakimbia. Mama mzima, miaka arobaini na tatu, nakimbia kando ya lami ya Nyololo na malori yananipigia honi. Baba mkwe wangu, mzee Bartholomeo, alikuwa ananoa kisu chake cha kugemea. Nikamwambia habari yote bila kupumua. Hakuinua kichwa. Kasema: wakae tu wafikirie, mianzi haisubiri kikao.

Na ni kweli, ndiyo inayoniuma. Ulanzi ni pombe ya mwanzi mchanga, ni wa mvua. Baridi ya Juni ikishakaza, mwanzi unafunga, haukupi hata tone mpaka Desemba. Kwa hiyo tuna wiki tatu. Nne, Mungu akituonea huruma.

Jumanne, 5 Mei

Sijalala vizuri. Furaha nayo inachosha.

Mzee bado anagema. Asubuhi na jioni, wiki zote hizi za kufuli. Mwanzi ukiacha kuukata siku mbili kidonda kinapona, basi tena. Anayo mianzi ishirini na miwili kule bondeni, anaikata yote ncha, lakini mbeta anatundika tano tu. Mingine inadondosha chini, nyuki wanakunywa. Mbeta zilizobaki — vile vibuyu vyake vya mwanzi, kachonga mwenyewe vyote — zimelala jikoni juu ya dari zinapigwa moshi. Nilimwuliza mbona hatundiki zote. Kasema akinge kitu cha kumwaga kwa nini.

Hata hizo tano tunawapa nguruwe wa jirani. Wamenenepa. Usiku wana kelele kuliko kilabu kilivyokuwa.

Alhamisi, 7 Mei

Mambo mawili leo, moja tamu moja chungu.

Tamu: wauzaji kumi na wanne tumekutana nyuma kwa Roza, tumekaa mbali mbali kama kuku waliogombana, na wamenichagua mimi nikaseme mbele ya kamati ya kata. Mimi! Roza kasema, Yudith ana mdomo, leo mdomo wake utatufaa. Nimejifanya nakataa kidogo. Kidogo tu, wasije wakabadilisha mawazo.

Chungu: kuna mtu wa mbolea anataka jengo letu liwe ghala. Kaandika barua. Anasema jengo limekaa bure, wakulima wanahitaji mbolea, na akilipata analitaka moja kwa moja. Mtendaji katuambia wazi: kamati ikipendekeza kilabu kifunguliwe msimu huu, kinabaki chenu. Mkifika Juni mmefungiwa, jengo linaenda.

Moja kwa moja. Mama yangu aliuza ulanzi mle. Boniface mume wangu aliniona mle mara ya kwanza, mpaka leo, hata na kufuli hilo, akirudi kutoka kwenye kazi za mbao anapita kwanza kilabuni kabla ya nyumbani. Eti mifuko ya mbolea. Nimekasirika mpaka nimeunguza maharage.

Jumamosi, 9 Mei

Nimesema mbele ya kamati!

Sauti ilitoka. Nikasema tutaweka ndoo za maji na sabuni mlangoni, tutapunguza mabenchi, watu watakaa nje. Sosthenes anaitikia kwa kichwa, anakubali. Yeye ni mtoto wa humu humu, mama yake tuliuza naye meza moja. Nikaanza kunusa ushindi.

Halafu akasimama bwana afya. Sisi tunasema bwana afya lakini ni mwanamke, Bi Esther, mtu wa Iyunga kule Mbeya, ana miezi minane tu hapa. Mlokole, hanywi. Mpole, lakini maswali yake hayakwepeki. Kasema mabenchi si shida yake. Shida yake ni lita. Jagi moja la lita linazunguka kwenye midomo kumi na miwili, na mdomo wa kwanza kabisa ni wa muuzaji mwenyewe. Akaniangalia. Je, si kweli?

Ni kweli. Kwetu ulanzi haupokelewi hivi hivi. Muuzaji anachota, anaonja yeye kwanza mbele ya mteja, ndipo anampa. Tunaita kutoa sumu: mteja aone hujamtilia kitu. Bibi yangu alifanya hivyo, mama alifanya hivyo, na mimi nimefanya hivyo kwa miaka kumi na minane bila kufikiria, kama mtu anavyofumba macho akipiga chafya. Nikamjibu tutaacha. Mbele za watu wote! Tutaacha, dada. Mdomo huo.

Basi wameamua hivi: Ijumaa tarehe 22 kamati itakuja kilabuni, tuwaonyeshe kwa vitendo tutakavyouza. Wakiridhika wanapendekeza siku hiyo hiyo. Wasiporidhika, mbolea.

Jumatatu, 11 Mei

Mazoezi ya kwanza, nyuma kwa Roza. Kila mtu kaja na kikombe chake kutoka nyumbani, hilo Bi Esther kasisitiza, na limetupendeza. Vikombe vya kila aina. Roza ana cha bati chenye picha ya tausi.

Mteja wetu mzee Philbert, kanywa kilabuni tangu hajaota ndevu. Kanyoosha kikombe. Nikamiminia, sikuonja, nikamwambia karibu baba.

Hakunywa. Kakiangalia kikombe, kaniangalia mimi. Kakiweka chini taratibu. "Mama, nimekukosea nini?"

Nikamweleza ugonjwa, kamati, bwana afya. Kasema ameelewa yote, hana ubishi. Halafu kasimama, kachukua fimbo yake, kaenda. Kikombe kakiacha pale pale kimejaa.

Hatukucheka hata mmoja. Nikionja, kamati inafunga. Nisipoonja, hata wakifungua hanywi mtu. Nimeahidi nini mimi?

Jumatano, 13 Mei

Imepatikana! Imepatikana! Na si kwangu, kwa mzee Bartholomeo.

Tulikuwa tunakula. Mzee kauliza ghafla, hivi sumu mnaiogopa iko wapi? Nikasema kwenye ulanzi. Kasema ulanzi uko kwenye jagi. Basi mimina kwenye kikombe chako wewe, kunywa aone, halafu mimina kwenye chake kutoka jagi hilo hilo. Kwani lazima uonje kwenye kikombe cha mtu?

Nimebaki na tonge hewani. Miaka kumi na minane!

Nimemfuata mzee Philbert kwake saa hiyo hiyo na jagi na kikombe changu. Kaniuliza kama wakili: na kama sumu iko kwenye kikombe? Nikamwambia, baba, kikombe umetoka nacho kwako, kama kina sumu kamwulize mama Sifaeli. Huyo ndiye mke wake. Mzee kacheka mpaka kakohoa, mimi nikarudi nyuma hatua mbili. Nikamimina changu, nikanywa, akaangalia koo langu mpaka limeshuka. Nikamimina chake.

Kanywa. Kanywa chote! Kafuta mdomo kwa mkono, kasema huu wa Bartholomeo hauna mwenzake.

Roza alipompelekea mzee Bartholomeo salamu hizo akaongeza ule msemo wa mgema akisifiwa. Mzee kanuna mpaka jioni. Kasema tangu azaliwe hajawahi kutia maji ulanzi, na huo msemo ni wa watu wa minazi.

Ijumaa, 15 Mei

Mazoezi. Mkono wangu ni mjinga. Kati ya mara kumi, mara tatu umepeleka kikombe cha mteja kinywani kwangu. Nikijua kabisa! Kichwa kinasema hapana, mkono umeshafika. Mazoea yana taabu.

Nimegundua kitu. Inanitokea mtu akipokea kwa heshima. Akinyoosha kikombe kwa mkono mmoja kama anaomba maji ya kunawa, nakumbuka. Akishika kwa mikono miwili na kuniambia kamwene, ile salamu yetu ya heshima — basi, nimeshaonja.

Jumapili, 17 Mei

Umande mzito asubuhi. Kanisani kila mtu kajifunga blanketi. Mzee hakwenda, alikuwa bondeni. Mianzi minne imefunga. Imebaki kumi na minane.

Kasema bila kuniangalia kwamba mwaka huu magoti yanamsumbua, hajui kama mwakani atashuka tena bondeni. Nikamwambia acha maneno hayo. Kasema si maneno, ni magoti.

Jumanne, 19 Mei

Mara kumi, kosa moja! Roza kanifunga kitambaa cha kitenge chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ili mkono ukipanda nikione. Nimepika nacho, nimelala nacho.

Mianzi kumi na mitano.

Alhamisi, 21 Mei

Redio imesema! Vyuo na kidato cha sita wanarudi Juni mosi. Nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, watu wamepiga makofi na mimi nimepiga, na sina hata mtoto wa kidato cha sita. Kama wanafunzi wanarudi, sisi je? Mama mmoja kasema, ninyi walevi mtakuwa wa mwisho. Nikamwambia tutakuwa wa mwisho lakini tutakuwepo.

Jioni nimepita kilabuni. Mtu wa mbolea alikuwepo na kijana wake wanapima ukuta wa nje kwa futi. Anaandika kwenye kadaftari. Tumesalimiana vizuri tu. Kaniambia kesho ndiyo kesho, mama. Nikasema ndiyo, kesho.

Nikafika nyumbani nikapiga mazoezi peke yangu jikoni. Mteja alikuwa kinu. Mara kumi, bila kosa. Kumi!

Ijumaa, 22 Mei

Asubuhi, saa kumi na mbili. Nimeoga maji ya moto. Kitambaa kiko mkononi. Mzee katoka bondeni na madumu mawili: moja mkangafu wa juzi, mkali, na moja mtogwa wa leo leo, mtamu kama wa kuwapa watoto. Mianzi kumi na miwili. Najua leo tunafungua. Najua!

Saa saba mchana. Naandika nimekaa chini ya dirisha la kilabu. Lazima niandike, la sivyo nitapiga mtu.

Wamekuja wanane. Mtendaji kafungua lile kufuli. Harufu ya ndani ikanipiga — moshi, mwanzi, watu. Nikakaribia kulia, nikajizuia. Mzee kakaa nje kwenye jiwe lake na kisu mapajani.

Tukaanza. Wateja wananawa, wanasimama mbali mbali kwenye alama za chokaa. Roza akaja na tausi wake. Nikamimina changu, nikanywa, nikamimina chake kutoka juu bila kukigusa. Safi. Mzee Philbert, safi. Wa tatu, safi. Bi Esther anaweka alama kwenye karatasi, na nimeona kwa macho yangu anatabasamu. Mtu wa mbolea mlangoni kakunja kadaftari kake. Nilijisikia kama naweza kuruka paa.

Hapo Sosthenes naye akapata moto. Kafungua koti, katoa kikombe. Kaja na kikombe chake! Watu wakashangilia. Kasogea mbele, diwani mzima, kakishika kwa mikono miwili, kainama kidogo kama mama yake alivyomfundisha, kasema kwa sauti ya chini: kamwene, mama.

Nikamimina. Nikakichukua. Nikaonja. Nikampa.

Na yeye kakipokea, kanywa nusu.

Mpaka hapo hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo la ajabu. Watu arobaini wamesimama wanatazama na sisi sote tumeona sawa tu, kama inavyotakiwa. Kalamu ya Bi Esther ndiyo iliyosimama. Mimi nikaona kitambaa chekundu mbele ya pua yangu, mkono bado uko juu.

Bi Esther kauliza kwa upole, mheshimiwa, mbona umepokea?

Sosthenes kakiangalia kikombe. Kasema: "Si kaonja."

Kama vile hilo ni jibu. Watu wakacheka, Bi Esther hakucheka. Sosthenes uso ukambadilika rangi. Kaweka kikombe kwenye meza, wakaingia ndani wote wanane, wakafunga mlango.

Roza hanisemeshi. Hapana, ananisemesha, lakini anasema maneno ya kufariji, ni mabaya zaidi. Nimeharibu. Kinu hakijawahi kuniambia kamwene, ndiyo maana jana nilipata kumi.

Dirishani nasikia vipande. Sosthenes anasema yeye ni mwenyekiti, hawezi kupendekeza kitu ambacho yeye mwenyewe kakivunja mbele ya watu. Mwingine anasema angalau mbolea hainywewi. Mtendaji anauliza waandike basi? Bi Esther anasema bado hajamaliza kukagua.

Saa tisa na robo. Lazima niandike kabla sijasahau mpangilio.

Bi Esther katoka peke yake. Watu wakafungua njia. Mkononi ana kikombe cha bati cha chai, cha bluu, kakitoa kwenye mkoba wake. Kanawa kwenye ndoo yetu, kakisuuza na kikombe. Kasimama kwenye alama ya chokaa. Kauliza kama kuna kisicholevya.

Nikasema upo mtogwa, dada, wa leo asubuhi, ni maji ya mwanzi na utamu wake tu.

Kasema: nionyeshe tena. Mteja ni mimi.

Nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya ule wa kulia, nikaubana. Kakiweka kikombe mezani. Nikamimina kutoka juu, polepole, bila kukigusa. Kimejaa. Mkono haukupanda! Nikarudi nyuma hatua tatu kabisa, nikaficha mikono nyuma ya kitenge. Nikasema karibu.

Kakichukua kikombe. Kakipeleka mdomoni. Kasimama.

Kakishusha tena. Kaangalia ndani ya kikombe, kaniangalia mimi. Nikafikiri kaona mdudu.

Kasema: "Mbona wewe hujanywa?"

Nilisahau! Kwa woga wa kuonja cha kwake nilisahau cha kwangu! Na mtu wa Iyunga, mlokole, wa miezi minane, kashika kikombe ambacho hakijaguswa na mdomo wa mtu, ananisubiri. Hawezi kunywa. Mzee Philbert nyuma kule kasema, eeh, hata mimi nilikuwa naangalia hilo hilo.

Nikamimina changu. Nikanywa. Kaangalia koo langu mpaka limeshuka. Naapa, kaangalia kama mzee Philbert alivyoangalia.

Ndipo naye kanywa. Kidogo kwanza. Halafu tena.

Hakusema kitu kizuri wala kibaya. Kaandika mistari mirefu, kageuza karatasi, kaandika tena. Kageuka kurudi ndani. Kikombe hakukimwaga, kaingia nacho. Mlango ukafungwa.

Saa kumi kasorobo. Bado. Sauti ndani ni nyingi, zinapandana, sasa hata dirishani sipati neno. Mtu wa mbolea kakaa kwenye pikipiki yake, hajawasha. Roza kanishika mkono wenye kitambaa na hauachii.

Saa kumi na dakika kumi. Baridi imeanza kushuka. Mzee Bartholomeo kasimama kutoka kwenye jiwe, kajinyoosha magoti, kachukua kisu. Muda wa kukata wa jioni. Nikamwambia subiri kidogo, baba, watoke. Kasema aliniambia tangu siku ya kwanza.

Kapiga hatua chache, halafu karudi. Kainama karibu na sikio langu. Kauliza atundike mbeta ngapi leo.

Nimeangalia mlango. Hakuna aliyetoka. Kuna mtu ndani anacheka, sijui nani.

Nimemwambia ashushe zote darini.